Maisha yamejaa mambo

Mama huyo alifika saa mbili asubuhi, kitenge kimelowa mvua, akaketi kwenye benchi ya kituo chetu cha afya hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, akingoja kupimwa presha. Nikamwomba anisaidie kujaribu karatasi ya maswali. Akakubali, ila nimsomee mwenyewe, miwani yake ilivunjika.

Karatasi ni fupi, ile ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1998. Sentensi tano tu juu ya wiki mbili zilizopita: furaha, utulivu, nguvu, kuamka umepumzika, na siku zilizojaa mambo yanayokuvutia. Mtu hujipa alama, 0 kwa "hata mara moja" hadi 5 kwa "kila wakati". Jumla unaizidisha kwa 4. Akipata 50 kushuka chini, uulize zaidi. 28 kushuka chini, ufikirie sonona, ile huzuni isiyomwachia mtu.

Furaha, 1. Kutulia, 1. Nguvu, 1. Kuamka amepumzika, akatikisa kichwa: 0. Nikaanza ya tano, "Maisha yangu ya kila siku yamejaa mambo…" Hakungoja nimalize.

"Weee, muganga! Maisha yangu iko najaa mambo! Bwana iko mugonjwa, watoto walifukuzwa ku masomo, nyumba inavuja. Andika kila wakati!"

Nikaandika 5. Jumla 8, mara 4, ni 32. Mama aliyeniambia haamki amepumzika hata siku moja alikuwa amevuka 28, na kilichomvusha ni neno "mambo".

Neno hilo tulilichagua sisi wenyewe, na bado linanichoma. Tulifuata njia inayofundishwa: wawili wakatafsiri kutoka Kifaransa, mwingine ambaye hakuona Kifaransa chenyewe akairudisha kwa Kifaransa. Ikarudi safi, "choses". Na kweli mambo ni choses, kwenye kamusi. Lakini mtu wa Bukavu akikwambia ana mambo mengi, humpongezi, unamvutia kiti. Mrudishaji wetu ni msomi, alisoma sentensi hadi mwisho, akiwa ametulia mezani. Mgonjwa husikia neno la kwanza linalomgusa.

Kutulia nako kulitudanganya. Mzee mmoja alijipa 5. Nilipomuuliza amesikia nini katika swali, akajibu: "Tangu mama wa watoto alikufa, natulia. Sisemake na mutu." Tangu hapo kila jibu ninalifuatisha na swali hilohilo, umesikia nini, hata foleni ikilalamika.

Nilimsimulia mwenzangu aliyesomea Uturuki. Karatasi hiyo ipo kwa Kituruki pia, na anasema kule mtu mwenye dhiki husema "içim sıkılıyor", ndani yangu kunabanwa. Nikawawaza wazee wa Kituruki walioenda Ujerumani kufanya kazi baada ya mkataba wa 1961, wameketi kwa daktari wa mtaa na karatasi mkononi. Kituruki chao kimeishi miaka mingi mbali na Ankara. Wao pia wanastahili mtu wa kuwauliza wamesikia nini, kabla alama zao hazijajumlishwa. Na sisi tunaoandika Kiswahili sanifu kwa mama anayefikiri kwanza kwa Mashi, lugha ya Washi wa huku kwetu, tunadaiwa hilohilo.

Asubuhi ile nilikata sentensi kwa kalamu, nikamsomea mama upya kwa Kiswahili chake: "Siku zangu zimekuwa na vitu venye napenda."

Akaniomba nirudilie. Nikarudilia. Akatazama mikono yake.

"Venye napenda? Zamani nilikuwa naimba ku kwaya." Kisha, polepole: "Andika sifuri."

Jumla 3, mara 4, ni 12. Nikamwomba dada wa mapokezi ashike foleni, nikamwingiza mama chumba cha ndani na kufunga mlango. Presha tulipima baadaye.