Kanzu Iliyotembea

Juzi usiku mwanangu wa mwisho alikuja kunitikisa. "Mama, kuna mtoto analia nje na hakuna anayembembeleza." Nikatega sikio. Kilio kinapanda, kinakatika, kinaanza upya, kama kichanga aliyenyimwa ziwa. Nikamwambia ni komba, akalale. Yeye akalala. Mimi nilikuwa nimeshafika Pangani, mlangoni kwa Mjomba, Ramadhani ya 1993.

Nyumba ya Bibi mnaijua: udongo, makuti, haina dari, na kati ya ukuta na paa kuna uwazi wa kupitisha upepo. Upepo, popo, panya, na yeyote mwenye shida zake. Lakini komba hakuwahi kuingia. Komba walikuwa na minazi yao na ugomvi wao na wagema. Mgema anaparamia alfajiri kushusha tembo, anakuta mwenzake ameshaonja. Ndiyo maana mtu akipitiliza huambiwa amelewa kama komba.

Saa tisa usiku Bibi aliniamsha nikachochee moto wa daku, naye akaenda kumwamsha Mjomba. Hakufika. Alirudi jikoni taratibu, akanishika mkono. Chumbani kwa mwanawe, bachela wa miaka yote, kulikuwa na mtoto analia.

Akatangulia na kandili, midomo inasoma Ayatul Kursi. Nikafuata nimeng'ang'ania ncha ya khanga yake. Akasukuma mlango kwa kidole.

Mjomba alikuwa ndani ya chandalua, anakoroma. Na chini, katikati ya chumba, kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa inatembea.

Ilikwenda hatua mbili ikaanguka ubavu. Ikajiinua. Mkono mmoja ukajaa kitu, ukapwaya, kisha mkia mrefu wa manyoya ukachomoza mahali pa kutokea kiganja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilijua kwa yakini kwamba sasa tunakufa. Kanzu ikazunguka, ikajikunja, halafu shingoni kikatoka kichwa: masikio mapana yanayogeuka kila moja kwa wakati wake, na macho mawili yaliyoshika mwanga wa kandili yakawa kama makaa. Akatoa na mkono. Vidole vya mtoto kabisa, vyenye kucha bapa kama zetu. Akaushika ukosi wa kanzu kwa mikono miwili, akaanza kuunyonya.

Hapo ndipo harufu ikatufikia. Ukutani, chini ya msumari ambao kanzu hutundikwa, kibuyu kilikuwa kinaning'inia upande, mdomo wazi, makumbi ya kuuzibia yameng'olewa. (Tembo halizibwi sana, likichacha linatoa povu, na chombo kilichokazwa hupasuka.) Kanzu nzima ilikuwa imelowa.

Bibi aliacha kusoma. Akashusha kandili, akamtazama komba, akasema kwa sauti ya kumpokea jirani, "Kumbe ni wewe."

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Komba aliruka kuufuata uwazi wa juu, akaukosa, akatua juu ya chandalua, chandalua kikamshukia Mjomba. Mjomba akaamka anaita majini kwa majina. Alipopata akili alitaka mchi. Bibi akamkataza, komba aking'ata si mchezo. Tukafungua dirisha, tukazima taa, tukatoka, tukafunga mlango. Baada ya muda tukasikia makuti ya kibanda cha jirani yakilia, kisha kimya.

Tukala daku. Wali na mchuzi wa papa, nakumbuka, na hakuna aliyezungumza. Kulipokucha Bibi aliifua ile kanzu mwenyewe, akaitia buluu, akaianika uani pale pale wanapopita watu wa kutoka msikitini. Kibuyu sikukiona tena. Siku ya Idi Mjomba aliivaa, nyeupe pee, na Bibi akamtengeneza ukosi.

Basi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka uso wake pale mlangoni harufu ilipotupiga. Kuna siku naona mtu aliyeshtuka. Kuna siku naona mtu aliyejua zamani, akisikitika tu kwamba na mimi nimejua.

Jana nikampigia Mjomba. Shikamoo, marahaba, magoti yanamsumbua, tembo aliacha siku nyingi. Nikamkumbusha komba. Akacheka mpaka akakohoa, akaapa kwamba kile kibuyu alikuja nacho komba mwenyewe. Kisha akanyamaza.

"Mama alikwambia nini siku ile?"

"Hakuniambia kitu, Mjomba."

"Hata mimi," akasema. "Mpaka anaingia kaburini."