Siku moja maishani mwangu: Mrundi niko Brussels, natafuta waliopotea nyumbani

Kuna dada kaniandikia juzi, "nyie wa nje mnafanyaga nini zaidi ya kubeba mabango?" Nikaona nimjibu kwa siku nzima, Alhamisi iliyopita. Mimi mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, nilikuwa mtangazaji redioni mpaka ile Mei 2015 redio zetu ziliposhambuliwa, sasa naishi Ubelgiji. Majina ya watu wa kawaida sitayataja na vitu vidogo nimevibadilisha, kwa usalama wao.

Saa 11 alfajiri

Simu kabla ya kunawa uso. Nyumbani ni saa 12, kumeshapambazuka, na watu wengi wanachukuliwaga usiku, kwa hiyo meseji za asubuhi ndo nzito. Leo ipo moja: kuna kijana kabebwa upande wa Cibitoke, karibu na mpaka wa Kongo, gari la vioo vyeusi. Basi, hivyo tu.

Hiyo kwangu bado si habari. Naanza kuuliza pole pole. Nani kaona kwa macho yake? Saa ngapi? Gari lilikuwa na namba? Waliomchukua wamevaa sare za polisi, za jeshi, au ni Imbonerakure, wale vijana wa chama tawala? Alivaa nini? Naandikia kwenye Signal na meseji zinajifuta, maana simu ya anayenijibu ikikaguliwa njiani, jina langu tu linatosha kumfunga.

Saa 1 hadi saa 5

Kazi ya mshahara, nyumba ya wazee. Kuogesha, kuvalisha, kunywesha chai, kutandika. Inalipa kodi na inanipa bima, harakati hazimlipi mtu yeyote kati yetu.

Saa 6 mchana

Matonge, pale Ixelles, mtaa wa Wakongo ambao hata jina lake limetoka Kinshasa. Tunaazimwa chumba nyuma ya duka, kuna meza, laptopu mbili na hita inayochagua siku za kufanya kazi. Hapa ndo siku yangu inapoanza kwa kweli.

Geneva kuna kikosi kazi cha Umoja wa Mataifa cha watu waliopotezwa kwa nguvu, kipo tangu 1980. Kazi yao ni kuiuliza serikali kwa maandishi: huyu mtu yuko wapi? Ila hawapokei hadithi, wanapokea faili. Jina kamili, tarehe, angalau mwezi na mwaka, mahali alipochukuliwa au alipoonekana mwisho, nani anashukiwa, familia imemtafuta wapi na wapi. Na kubwa kuliko yote, familia iwe imekubali. Asipokubali ndugu wa karibu, faili haliendi.

Leo nilikuwa na faili limekamilika, la baba mmoja fundi pikipiki. Mkewe alikuwa ameshakubali. Saa 6 na dakika kadhaa sauti yake inaingia, anaongea chini chini: "Dada, wa nyumba kumi kaja jana kuniuliza naongea na nani nje. Nina watoto. Naomba jina lake msilipeleke kwanza." Nikamjibu sawa mama, halipelekwi, na namba yako naifuta sasa hivi.

Mdogo wangu tunayefanya naye kazi akakasirika, amemaliza wiki nzima anatafsiri ushahidi wa huyu mzee kutoka Kirundi kwenda Kifaransa. "Dada, tukisubiri kila mtu aache kuogopa hatutatuma hata jina moja." Nikamwambia mdogo wangu, sisi tuko huku, kipigo kinaanguka kule. Faili tukalifungia kwenye flashi, na hapo hatukubishana tena. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaharakati wanaopost picha na majina bila kuuliza familia, wanapata laiki, halafu mama wa watu anaamshwa usiku. Hilo mimi sikubaliani nalo hata kidogo.

Jina ambalo tunaweza kulitaja, maana familia yake na wenzake wamelitaja hadharani miaka yote, ni Jean Bigirimana, mwandishi wa gazeti la Iwacu. Alitoka nyumbani 22 Julai 2016, mpaka leo hajulikani alipo. Picha yake ipo ukutani kwetu.

Saa 8 na nusu

Natembea mpaka Place du Luxembourg, mbele ya Bunge la Ulaya. Nina miadi na msaidizi wa mbunge, amenipa dakika 20. Kijana mpole, anasikiliza, ila swali lake ni lile lile la wote: "Lakini si mambo yametulia?"

Namwelewa anapolitoa. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, Rais Nkurunziza akafariki Juni 2020, akaja Rais Ndayishimiye, na Februari 2022 zuio likaondolewa. Ukisoma karatasi za Brussels unaona nchi imepona. Nikamwekea mezani yaliyobaki: uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kilichukua viti vyote 100 vya Bunge vilivyogombewa. Ripota maalumu wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu Burundi, Fortuné Gaetan Zongo, yupo kazini tangu 2022 na serikali haijamruhusu kuingia nchini. Na ile hukumu iliyotangazwa Februari 2021, kifungo cha maisha kwa watu 34 bila wao kuwepo mahakamani, wakiwemo waandishi na watetezi wa haki walioko uhamishoni.

Sikumwomba "demokrasia". Ukimwomba mtu demokrasia anakuambia anaiunga mkono na mnaagana. Nilimwomba swali la maandishi bungeni lenye majina, kwa sababu majina ndo yanafanya kazi. Germain Rukuki, mtetezi wa haki, alipewa kifungo cha miaka 32 Aprili 2018, akatajwa kila kikao, kila barua, Juni 2021 akatoka. Waandishi wanne wa Iwacu waliokuwa wamefungwa wakasamehewa Desemba 2020. Floriane Irangabiye, mwandishi wa habari aliyepewa miaka 10, akatoka Agosti 2024. Siwezi kusema ni sisi tuliowatoa, ila naamini mfungwa anayetajwa kila wiki anakuwa mzigo kwa aliyemfunga, na anayesahaulika anabaki ndani. Akaandika majina matatu niliyompa. Haya.

Saa 11 jioni

Narekodi. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, redio zetu zilishambuliwa ndani ya siku mbili, RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, mitambo ikachomwa. Wenzetu wakaendelea kutoka Kigali mpaka 2021 Rwanda nayo ikawasimamisha, ilipokuwa inatafuta kupatana na Gitega, yaani serikali ya Burundi. Sasa habari tunaisoma dakika chache, Kirundi na Kiswahili, inakwenda kama sauti ya WhatsApp, mtu anaisikiliza sokoni kwa iafoni kisha anafuta. Ya Cibitoke sikuisoma, shahidi ni mmoja tu. Wasikilizaji wameshadanganywa sana, tukitangaza uongo mara moja tu wanaotuwinda watafurahi.

Saa 2 usiku

Mkutano wa Zoom. Kigali, Kampala, Nairobi, Montréal, Brussels, na kaka mmoja kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambaye bando linamkatikia kila mara. Saa nzima imeliwa na nani atasoma tamko, wanasiasa au mashirika ya kiraia. Inaniuma sana hii. CNARED, muungano wa wapinzani walioko uhamishoni, iliundwa Addis Ababa 2015 tukiwa na matumaini yote, ikagawanyika kwa ugomvi wa namna hii hii wa viti, na wengine wakarudi kupatana na serikali.

Kaka wa Nyarugusu alipopata mtandao akasema: "Wazee wangu, nyie mnaongea tamko. Huku tunaulizwa tunarudi lini. Kuna mtu kwenye mkutano huu anaweza kuandika hilo?" Pakawa kimya kidogo, halafu mzee wa Kampala akasema tamko liahirishwe. Tukakubaliana barua ya wiki hii kwa wabunge wa Ulaya ianze na wakimbizi walioko Tanzania wanaosukumwa kurudi, na yeye ndo aandike aya ya kwanza kwa sauti, mimi nitachapa.

Saa 4 na nusu usiku

Nimechapa aya yake, nimemsomea, karekebisha sehemu mbili, imetumwa.

Na wewe unayesoma ukiwa na ndugu aliyechukuliwa, hata kama hutaki kutuma kokote leo, andika kwenye karatasi, si kwenye simu: tarehe, saa, mahali, nguo alizovaa, namba ya gari, nani alikuwepo, ofisi gani mlienda kuuliza na nani aliwajibu nini. Mpe mtu mnayeaminiana aitunze nyumba nyingine. Siku utakayokuwa tayari, tutaanzia hapo.