Siku yangu moja kwenye mtambo wa haidrojeni, Nine Mile Point

Mnaniulizaga sana nafanya nini huku New York, basi leo nawapa siku nzima.

Saa 10 alfajiri: Chai, mkate, kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nakaa Syracuse ila kazi iko Nine Mile Point, kituo cha umeme wa nyuklia kule Oswego, pembeni ya ziwa Ontario, na theluji ya hilo ziwa haina adabu kabisa.

Saa 12 kasoro: Getini. Ukaguzi, begi kwenye mashine, nabandika kidude cha kupima mionzi kifuani, napokea shifti kwa jamaa wa usiku.

Saa 1 mpaka saa 4: Mzunguko, hapa ndo kazi yenyewe. Jamani haidrojeni yetu haitoki kwenye urani, inatoka kwenye maji. Vinu viwili vya nyuklia vya hapa vinatoa megawati 1,900 hivi, sasa kaumeme ka megawati moja na kitu ndo kanaletwa huku kupasua maji, haidrojeni tunaikamata, oksijeni inaenda zake hewani. Ilianza kuzalishwa 2023, na kwa siku inafika kilo 560.

Naanza na usafi wa maji, maana yakiwa na chumvi hata kidogo utando wa ndani ya mashine ya kupasua maji unaharibika na humo kuna platinamu na iridiamu, sio hela ndogo. Halafu napitisha kidetekta kwenye kila maungio ya bomba, taratibu, juu na chini. Hii gesi haina rangi wala harufu, ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inaweza kuwaka, na mchana moto wake karibu hauonekani, unaweza ukaufuata mwenyewe kwa mkono. Simu naiacha mbali, nguo za nailoni marufuku.

Saa 6 mchana: Nakula, shemeji anapiga kutoka Dodoma, kule saa 2 usiku. Eti shem, hiyo gesi si ina mionzi? Hapana, maji tunayopasua siyo yale yanayopita kwenye kinu. Basi mnajazia magari? Wala, inatumika humuhumu, inapooza jenereta kwa sababu inabeba joto kuliko hewa, na nyingine inaingizwa kwenye maji ya kinu mabomba yasiliwe na kutu. Zamani ilikuwa inaletwa na malori.

Mimi hizi kelele za "mafuta ya kesho" zinanichosha kidogo. Kilo moja inakula kama uniti 54 za umeme, ukiichoma kama mafuta inakurudishia joto la uniti 33 hivi. Bora waipeleke kwenye viwanda vya mbolea na vya kusafisha mafuta, wale wanaihitaji yenyewe, na siku hizi wengi wanaitoa kwenye gesi asilia.

Saa 8: Kikao cha usalama. Nilisinzia.

Saa 9 mpaka saa 11: Kubadilisha filta za maji na mzee mmoja wa hapahapa Oswego, haongei ila mkono wake kwenye spana weee.

Saa 12 jioni: Nakabidhi shifti, nawasha simu, nakuta voisi ya shemeji: "Shem, hizo uniti 54 si ungenitumia tu zenyewe, LUKU yangu inalia hapa."