Namna tunavyofunga boksi la balikbayan, kutoka Roma hadi Mabini

Mume wangu ni Mfilipino wa Mabini, mkoa wa Batangas, mji ambao Wafilipino wenyewe huuita Italia Ndogo kwa jinsi watu wake walivyojaa huku. Mimi ni mtu wa Tanga. Tunaishi Roma, na kila mwaka tunafunga boksi moja kubwa la kwenda kwa mama mkwe. Wanaliita boksi la balikbayan: kwa Kitagalogi "balik" ni kurudi, "bayan" ni nchi au mji wa nyumbani. Naandika kwa ajili ya wenzangu waliooa au kuolewa Ufilipino, na pia kwa yeyote anayetuma mizigo nyumbani kwa meli, maana kufunga ni kule kule.

La kujua kwanza ni kwamba boksi hili linalipiwa kwa ukubwa, si kwa uzito. La kwetu lina sentimita 60 kwa 50 kwa 70, na bei ni ile ile likiwa na kilo 25 au kilo 60. Kwa hiyo kila upenyo uliobaki wazi umeulipia bure. Chukua raba ya namba 42. Puani ingiza jozi mbili za soksi za mtoto, uzisukume mpaka ziguse ncha. Katikati weka kopo la jodari la gramu 80, kisigino kizibe kwa soksi ya mtu mzima. Raba ya pili ipange kichwa kwa mguu na mwenzake, soli nje. Raba zilizojazwa hivyo hazibonyei hata boksi jingine likikaa juu yake. Sufuria nazo hazisafiri tupu, tunajaza tambi ndani, ila zile fupi kama makaroni, maana tambi ndefu zinavunjika.

Kikomo cha uzito tunajiwekea wenyewe: kilo 60. Zaidi ya hapo wabebaji wanaliburuta badala ya kulibeba, na boksi likiburutwa kwenye sakafu ya ghala hufumuka pembe za chini.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Ufilipino Krismasi inaanza kusherehekewa Septemba, na mabandari yake hujaa kadiri Desemba inavyokaribia. Safari ya kawaida kutoka Italia tunaihesabu wiki nane hadi kumi mpaka mlangoni. Tangu mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, tunaongeza wiki mbili juu. Ndiyo maana boksi letu linatoka nyumbani kabla Agosti haijaisha. Lakini Agosti Roma inafunga: katikati ya mwezi kuna sikukuu ya Ferragosto, maduka yanashusha milango na hata mawakala wa mizigo wanakwenda likizo. Ununuzi tunaufanya wakati wa punguzo la bei, Januari na Julai, na boksi linakaa wazi pembeni mwa kitanda miezi yote hiyo likijaa kidogo kidogo. Wakala tunamwekea miadi Julai.

Sasa forodha. Sheria ya forodha ya Ufilipino ya 2016 inamruhusu Mfilipino aishiye nje kutuma vitu vya nyumbani bila ushuru, hadi mara tatu kwa mwaka, jumla ya thamani isizidi peso 150,000 kwa mwaka mzima. Hiyo ni zaidi kidogo ya euro 2,000. Haki hiyo ni ya Mfilipino. Mara ya kwanza nilitaka kuandika jina langu kama mtumaji kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nyumbani siku ya kuchukuliwa, na pasipoti yangu ya Tanzania ingeliondolea boksi msamaha. Mtumaji ni mume wangu, nakala ya pasipoti yake ndiyo inayoambatanishwa, na mpokeaji ni mama yake mzazi. Vitu visionekane vya biashara: sisi hatuzidishi dazeni moja ya kitu cha aina moja. Risiti za vitu vipya tunatunza zote, na orodha ya vilivyomo tunaiandika kitu kwa kitu, pamoja na idadi na bei. Neno "zawadi" au "vyakula" peke yake linamfanya ofisa wa forodha afungue aone.

Nguo zilizotumika zina jambo lake. Sisi tuliozoea mitumba hatufikirii mara mbili, lakini Ufilipino imepiga marufuku kuingiza mitumba kwa biashara tangu 1966, ingawa inauzwa mitaani na wanaiita ukay-ukay. Nguo za familia zinapita, ila usizifunge robota moja la mashati ishirini ya saizi moja. Tunazitawanya, na kwenye orodha tunaandika za nani.

Nyama hatuweki kabisa. Ndugu huomba salami na prosciutto (paja la nguruwe lililokaushwa), na inauma kuwanyima, lakini homa ya nguruwe ya Afrika iligunduliwa Italia bara Januari 2022, na Ufilipino yenyewe imepoteza nguruwe wengi kwa ugonjwa huo. Soseji moja inaweza kumfikia mfugaji wa nyuma ya nyumba kwa njia ya makombo. Vingine tunavyoviacha ni pesa taslimu, vito, pawabenki na betri za lithiamu, viberiti vya gesi, na chochote cha kopo la kupuliza.

Kufunga kwenyewe kunachukua jioni moja. Boksi liwe la kadibodi ya kuta mbili. Sakafu ipige selotepu pana mistari mitatu kwa urefu, kisha funga kingo za pande mbili fupi ili mkanda ufanye umbo la herufi H. Juu yake laza kipande cha kadibodi ya ziada, halafu tandika mfuko wa taka wa lita 110 uwe bitana, kwa sababu ndani ya kontena hewa inatoa jasho usiku na matone yanadondoka toka darini. Chini kabisa vinakaa makopo ya samaki, na mafuta ya zeituni ya kopo la bati, kamwe si chupa. Kando kwa kando simamisha mataulo yaliyoviringishwa, yawe ukuta.

Sabuni ndiyo iliyotuharibia boksi zima mwaka mmoja. Tuliweka sabuni za mche, kahawa na biskuti tabaka moja. Pakiti za kahawa zilizofyonzwa hewa, zile ngumu kama tofali, zilisalimika. Biskuti zote zilifika zikinuka sabuni, mama mkwe akawapa kuku. Sasa sabuni, shampuu na dawa ya kufulia zinaingia mifuko miwili ya nailoni, kila mmoja umefungwa kwa selotepu, na zinakaa pembe ya chini mkabala na vyakula, nguo katikati. Shampuu fungua kifuniko, ibonyeze kidogo itoe hewa, weka nailoni ya chakula juu ya mdomo, kisha kaza. Ukiacha hewa ndani, joto linaitanua na kusukuma shampuu nje.

Chokoleti ya mche situmi tena. Watu hushauri kuikunja ndani ya taulo, lakini taulo huchelewesha joto kwa saa chache, haliwezi kuzuia wiki nane. Inayeyuka, inaganda tena, inatoka na ukungu mweupe. Inalika, ila haina sura ya zawadi. Chokoleti ya kupaka ya chupa ya plastiki inafika vizuri, na peremende ngumu pia.

Kila nyumba ya ndugu ina mfuko wake wenye jina: mfuko wa kaka mkubwa, wa shangazi, wa watoto wa ubatizo. Zawadi hizi huitwa pasalubong, na kila mtu anajua aliahidiwa nini. Ukimwaga vitu bila majina, kazi ya kugawa na lawama zake unamtwisha bibi wa miaka sabini.

Kabla ya kumlipa wakala, muulize nani anayepokea kontena Manila, kisha tafuta jina hilo kwenye orodha ya wasafirishaji waliosajiliwa na idara ya biashara ya Ufilipino. Maelfu ya maboksi yamewahi kukwama bandarini Manila kwa sababu wakala wa ng'ambo alikusanya pesa na hakumlipa mshirika wake wa kule. Bei ya chini mno kuliko ya wengine wote ni sababu ya kuuliza tena.

Anwani andika pande mbili na juu, na karatasi nyingine iwe ndani, juu ya nguo. Kijijini hakuna namba za nyumba, hivyo tunaandika kitongoji, barangay (kijiji au mtaa kiutawala), mji, mkoa, alama ya karibu, na namba mbili za simu.

Mwisho, selotepu ya juu ikishakaa, mume wangu anatia sahihi kwa kalamu nene ya wino usiofutika, nusu juu ya mkanda na nusu juu ya kadibodi, sehemu tatu. Napiga picha na kumtumia mama mkwe. Boksi likifika analinganisha mistari ya sahihi na picha kabla dereva hajaondoka, na kama haikutani, anaandika hivyo kwenye karatasi ya mapokezi kabla ya kuweka sahihi yake.