Kasri la Mtoni na mji wa Manchester

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza majina ya miji yalinitesa. Leicester wenyewe husema "Lesta", Gloucester ni "Glosta", Worcester ni "Wusta". Nikawa nakariri tu, mpaka mzee mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi ya usiku ghalani aliponifungua macho. Wakati wa mapumziko alichukua kalamu akaandika ubavuni mwa boksi: Manchester, Lancaster, Leicester. Kisha akapigia mstari mikia yake. "Hili ni neno moja," akaniambia. "Castra. Kilatini. Kambi ya jeshi."

Warumi walipiga kambi hapa Manchester yapata mwaka 79, wakapaita Mamucium. Dola yao ilipoondoka, Waingereza wa kale wakazikuta kuta, na boma la namna hiyo wakaliita ceaster. Sehemu nyingi za kaskazini neno likabaki na "k" yake, kama Lancaster na Doncaster. Kwingine likalainika likawa chester, kama hapa Manchester.

Jumapili iliyofuata nikaenda Castlefield, ilipokuwa kambi yenyewe. Lango limejengwa upya kwa mawe yenye wekundu wa kutu, na treni zinanguruma juu ya madaraja ya karibu. Hata hilo "castle" ni mtoto wa ukoo huohuo: castellum, kijiboma. Wafaransa wana château, Wahispania wana castillo.

Lakini kilichonishika moyo ni tawi la mashariki. Wagiriki walilichukua neno wakasema kastron, na kwa njia hiyo Waarabu wakapata qasr. Walipoitawala Andalusia wakajenga al-qasr zao, na Wahispania mpaka leo wanasema alcázar, kama ile ya Sevilla. Kilatini kimerudi kwa wajukuu zake kikiwa kimevaa kanzu! Mji wa Luxor huko Misri nao ni al-Uqsur, yaani makasri, na ndani ya hekalu lake Warumi waliwahi kuweka kambi kweli.

Makasri. Neno hilo nimelala nalo tangu utotoni. Bibi alikuwa akitupitisha pwani, kaskazini ya Mji Mkongwe, akituonyesha kuta za Kasri la Mtoni, jumba la Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alikozaliwa binti yake Sayyida Salme mwaka 1844. Ukutani mna matumbawe, ukiyapapasa yanakwaruza kiganja. Miaka yote hiyo sikujua kwamba kasri letu na mkia wa jina Manchester vina babu mmoja, askari aliyechimba handaki akajenga boma.

Usiku ule nikampigia mama, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

"Na hilo kasri lenu huko, lingali limesimama?"

"Hapana, mama. Yamebaki mawe ya msingi. Lango wamelijenga upya."

"Basi kama letu," akasema, akaniuliza kama nimeshakula.