Rozimeri yangu inavyopita masika hapa Sakina

Watu wakija kwangu wakaona kichaka cha rozimeri (rosemary, kile kiungo cha majani membamba yenye harufu) pembeni ya jiko la nje wananiuliza naiwekea dawa gani, maana wengi wananunua mche umenona kabisa, ikifika masika unaanza kuwa mweusi kuanzia chini na habari yake inaishia hapo. Dawa siweki. Rozimeri kwao ni huko pwani ya Mediterania, kiangazi kikavu, udongo wa mawe mawe, sasa huku kwetu Arusha Machi mpaka Mei mvua haina huruma na udongo wa kwangu ni ule mweusi, ukilowa unanata kwenye kandambili mpaka zinakuwa nzito, mizizi inaoza tu.

Nilichofanya ni kuinua tuta. Nilizungushia mawe, chini nikamwaga kokoto, juu nikachanganya udongo na mchanga karibu nusu kwa nusu, na samadi iliyooza, ila kidogo sana, ukiizidisha mmea unarefuka una majani malaini na harufu inapungua. Jua linaipiga tangu asubuhi. Na iko mbali na mchicha, mchicha unataka maji kila jioni, hii ukiimwagilia hivyo unaiua. Mi nachomeka kidole kwanza, nikikuta unyevu naachana nayo.

Mbegu usihangaike nazo, zinasumbua kuota. Kata kitawi kichanga cha sentimita 10 mpaka 15 hivi, vua majani ya chini, chomeka kwenye kopo la mchanga wenye unyevu (kopo litoboe chini jamani) weka kivulini, ukija kukivuta taratibu kikagoma kutoka ujue mizizi tayari, huwa ni wiki 4 mpaka 8. Na ukivuna usikate mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, hapo kuchipua tena ni shida.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye nyama. Mbuzi akiwa jikoni nafunga matawi kadhaa kwa uzi nakuwa na kama brashi, nachovya kwenye mafuta, limau, chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa, napaka kila nikigeuza, yale mafuta yakidondokea mkaa moshi unaopanda una harufu ambayo majirani lazima waulize. Jirani yangu mmoja kaja hadi getini, "Baba Junior leo mnachoma nini?" Vijiti vikubwa vilivyokomaa sivitupi, nashika nchani navuta vidole kurudi chini majani yote yanatoka, naacha kishada kidogo juu, nachonga ncha ya chini, naloweka kwenye maji visiungue halafu vinakuwa vijiti vya mishkaki. Mishkaki ya kuku hapo inatoka balaa, ya ng'ombe naona haishiki ladha sana.

Kwenye viazi vya kukaanga majani yaweke mwishoni, yakiungua yanakuwa machungu. Chai mama watoto anaweka kijitawi kimoja na tangawizi, kikizidi inaanza kunukia kama dawa ya kuchua na watoto wanagoma. Mimi pia nagoma.

Ikizidi naifunga vifungu naning'iniza kichwa chini stoo, juani usianike harufu inapotea, ikikauka napukutisha kwenye chupa ya kahawa iliyoisha. Shemeji wa Moshi akija anabeba hiyo chupa na kopo la mche juu.