Ukitaka kuielewa eriali anza na Xu Mengtao

Kila mtu akiniuliza kuhusu eriali, ile skii ya kuruka sarakasi hewani, aanze kumwangalia nani, namwambia Xu Mengtao wa China, basi. Sio eti kwa sababu ana dhahabu ya Olimpiki, dhahabu wanazo wengi, ila ukifuata miaka yake yote mchezo wenyewe unakuingia.

Kazaliwa 1990 Anshan, mkoa wa Liaoning, na utotoni alikuwa anacheza jimnastiki. Wengi kwenye huu mchezo wanapita njia hiyo hiyo, anatafutwa mtu anayejua tayari kupiga samasoti (kupinduka hewani) halafu ndo anafundishwa kuteleza. Alisa Camplin wa Australia naye katoka jimnastiki, skii kaanza kujifunza ukubwani kabisa, na bado akabeba dhahabu Salt Lake City 2002!

Sasa kazi yenyewe iko hivi, unashuka mlima kwa spidi ya kilomita 60 na kitu kwa saa, unapanda rampu ya theluji iliyosimama karibu nyuzi 70, inakurusha juu mita kumi na zaidi, una kama sekunde 3 tu za kumaliza samasoti zako tatu na kujizungusha kote ulikoahidi, halafu utue kwa miguu kwenye mteremko ambao watu wameuchimbua kwa makoleo ili theluji iwe laini. Na kiangazi theluji hakuna, kwa hiyo wanarukia bwawani, skii miguuni helmeti kichwani, hewa inapulizwa toka chini maji yajae mapovu yasiwaumize. Mruko ambao hujaumudu kwenye maji hauendi nao kwenye theluji. Yaani miezi na miezi ya kulowana kwa ajili ya sekunde 3, na hayo mabwawa TV haiyaonyeshi kabisa.

Tao Tao, ndo wanavyomwita, alienda Olimpiki ya Vancouver 2010 akarudi bila medali. 2013 akawa bingwa wa dunia kule Voss, Norway. Sochi 2014 kila mtu anamtazama yeye na Waaustralia, dhahabu ikaja kuchukuliwa na Alla Tsuper wa Belarus, miaka 34, Olimpiki yake ya 5, ya kwanza aliruka Nagano 1998 akiwa bado na jezi ya Ukraine (huyu naye anastahili posti yake siku nyingine). Xu akapata medali ya fedha. 2016 goti likaharibika, upasuaji, kuanza upya. Pyeongchang 2018 akaanguka kwenye kutua, dhahabu ikaenda kwa Hanna Huskova, Belarus tena. Na katikati ya yote hayo alikuwa anashinda mashindano ya Kombe la Dunia mara kwa mara, zaidi ya mara 20 kwa jumla, ila nani anahesabu hizo? Watu wanakumbuka Olimpiki tu, inaniudhi sana hii.

Halafu ndo ikaja Olimpiki ya Beijing 2022, nyumbani China, eriali ikaruka Zhangjiakou. Hapa lazima niingie kwenye hesabu kidogo. Majaji ni 5, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinaondolewa, zilizobaki zinajumlishwa, mwisho wake ni 30, halafu unazidisha kwa kiwango cha ugumu wa mruko. Huskova aliruka safi, 26.8, ugumu wake 4.028, jumla 107.95. Xu alipata 25.3 tu! Lakini mruko wake ulikuwa wa ugumu 4.293, samasoti tatu na kila moja na mzunguko wake, piga hesabu mwenyewe inatoka 108.61. Tofauti haifiki hata alama moja, baada ya miaka 12 ya kuitafuta. Alipiga kelele mpaka basi, akawa anauliza kama kweli ni wa kwanza, na Ashley Caldwell wa Marekani, aliyemaliza wa nne akakosa medali, akaja kumkumbatia.

Kuna wanaosema Huskova aliibiwa kwa sababu aliruka vizuri zaidi. Mi sikubaliani. Mruko unautangaza kabla hujashuka, kila mtu anajua ugumu wa mwenzake, na aliyechagua mgumu ndo mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuanguka mbele ya dunia nzima, tena Xu alikuwa ameshaanguka hivyo 2018. Ukizipata video tazama wa Huskova kwanza, halafu wa Xu, toa alama zako kabla namba hazijatokea kwenye skrini, uone kama ungekuwa jaji ungempa nani.